Washang Hawana Haja ya Ukuta

Kila ninapomwona mchezaji akiichagua dola ya Shang katika Age of Empires, ule mchezo wa kompyuta wa mwaka 1997, kisha akaanza kuuzungushia mji wake ukuta kabla hajafikisha watu ishirini, huwa najua kwamba ameshashindwa, hata kama ataendelea kubofya kwa dakika arobaini nyingine. Sisemi hivyo kwa dharau, maana nami nilicheza hivyo kwa muda mrefu. Watengenezaji waliipa dola hii ya China ya kale zawadi mbili, yaani kuta zenye uimara maradufu na wanakijiji, yaani wafanyakazi wa kukusanya mali na kujenga, wa bei nafuu. Zawadi ya kwanza inaonekana kwa macho, na ndiyo inayotuponza, hasa sisi ambao tukisikia China tunawaza Ukuta Mkuu, ilhali Qin Shi Huang, aliyeunganisha kuta za kaskazini, alitawala zaidi ya miaka 800 baada ya Washang kuanguka.

Nguvu yenyewe imo katika chakula. Katika toleo la awali, mwanakijiji wa dola nyingine huhitaji chakula 50, na wa Shang huhitaji 35. Baadaye bei hiyo ilipandishwa kidogo, lakini unafuu ukabaki. Mchezo wa kawaida huanza na wanakijiji watatu na chakula 200. Mpinzani wako atazalisha wanne na ghala lake libaki tupu, na wewe utazalisha watano ubakiwe na 25. Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu, kwa kudhani kwamba unafuu huo ni kasi. Sivyo, kwa kuwa jengo kuu la mji humtoa mwanakijiji wa Shang kwa muda uleule linaomtoa wa Misri au wa Ugiriki. Faida yako ni kwamba jengo hilo halina sababu ya kusimama hata mara moja kusubiri chakula, na kwamba kila wanakijiji 20 unaowaongeza wanakuachia akiba ya 300. Kupanda kuingia Enzi ya Zana, hatua ya pili ya mchezo, hugharimu chakula 500. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya nauli umeshalipiwa.

Akiba hiyo, hata hivyo, hupotea kirahisi kwa jambo dogo kama nyumba. Jengo kuu hubeba watu wanne tu, na tayari unao watatu, kwa hiyo ukichelewa kujenga, mwanakijiji wa pili hatatoka hata ukiwa na chakula cha kutosha. Mimi huwatuma wawili kati ya wale watatu wa mwanzo wajenge nyumba papo hapo, kwa mbao 30, na wa tatu huenda kutafuta matunda ya porini. Matunda yakionekana, ghala la nafaka hujengwa kando yake kabisa, kiasi kwamba mchumaji hatembei zaidi ya hatua mbili tatu. Ghala hilo hula mbao 120, na kati ya zile 200 za kuanzia zinabaki 50, yaani nyumba moja zaidi na chenji. Ndiyo maana ninashikilia kwamba mchezaji wa Shang awapeleke watu wengi msituni mapema kuliko anavyodhani, kwani watu wake wanaongezeka bila kukatizwa na kila wanne wanadai paa.

Ukifika Enzi ya Shaba, hatua ya tatu, fanya utafiti wa gurudumu, kisha utengeneze magari ya vita ya kukokotwa na farasi. Hayahitaji dhahabu, yanataka mbao na chakula tu, vitu ambavyo kundi kubwa la wanakijiji linavyo tele, na makuhani wa adui hupata shida kuyageuza yawe ya upande wao. Hapa mchezo umekutana vizuri na historia, kwa sababu huko Anyang, mji mkuu wa mwisho wa Washang, wachimbaji wamefukua mashimo yenye magari ya aina hiyo yaliyozikwa pamoja na farasi wake.

Nikubali kwamba Washang wa kweli walijua kujenga kuta. Ule wa mji wao wa Zhengzhou, wa udongo ulioshindiliwa tabaka juu ya tabaka, ulikuwa na mzunguko wa takribani kilomita saba. Lakini huko Anyang, walikoishi wafalme wao wa mwisho, haujapatikana ukuta unaouzunguka mji, na dola yao ilianguka mwaka 1046 hivi kabla ya Kristo katika vita vya Muye, uwanjani, ambako masimulizi ya Wachina yanasema askari wa mstari wa mbele waliwageuka.

Kuna hali moja ambayo hunifanya nijenge ukuta, nayo ni pale ramani inapouweka mji wangu kati ya msitu na maji, kukabaki uchochoro mwembamba. Hapo vipande vitano au sita vya ukuta wenye uimara maradufu humchelewesha adui hadi magari yangu yafike, na mwanakijiji mmoja anatosha kuvijenga. Mawe yanayobaki siyagusi, na mara nyingi mchezo huisha yakiwa bado yapo pale juu ya skrini, hayajapungua hata moja.