Bwawa likizeeka, tope ni la nani?

Kila msimu wa mvua, bahari ya Malindi inapogeuka rangi ya chai ya maziwa na wageni wakakunja taulo zao, hutakosa mtu wa kusema: "Subirini bwawa la Thwake liishe. Tope lote litabaki huko huko Makueni." Husemwa kama habari njema. Mimi siioni hivyo.

Athi, Galana, Sabaki: mto ni huo huo, na Thwake liko juu yake; tope linalotufikia ni udongo wa mashamba ya juu uliokosa matuta ya kuushika. Kaskazi ikivuma, maji mekundu huja upande wetu hadi kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu 1968. Kusi ikivuma, hupanda Mamburui na kuendelea Ungwana. Mwenye hoteli analia, na namwelewa. Lakini waulize wavuvi wa kamba. Kamba hawapendi maji ya kioo. Wanataka mikoko na tope la midomo ya mito, ndiyo sababu wanavuliwa kwa wingi ghuba ya Ungwana, inayolishwa na Sabaki na Tana. Udongo ukizidi unaua matumbawe. Ukikatika kabisa, pwani nayo inaanza kuliwa na mawimbi.

Tena tope lililozuiwa haliendi popote. Linajilaza nyuma ya ukuta, kina kinapungua mwaka hadi mwaka, na mwisho mnabaki na ukuta mzee ulioshika mlima wa udongo. Siku hiyo nani ataubomoa, na kwa fedha za nani?

Marekani wameshakutana na swali hilo. Katika Mto Elwha, jimbo la Washington, bwawa la kwanza lilikamilika 1913, kilomita 8 tu kutoka baharini, bila hata ngazi ya kupitishia samaki. La pili, Glines Canyon, likafuata 1927. Samoni waliokuwa wakipanda mto kutaga mayai wakagonga ukuta. Kule mdomoni, pwani ikanyimwa mchanga wake na kumomonyoka, na kabila la Waklallam likapoteza samaki na sehemu zake za kuokotea chaza. Sheria ya kurudisha mto ilipitishwa 1992. Nyundo ya kwanza ilipiga 2011. Miaka 19 ya kutafuta fedha na kubishana! Kubomoa kwenyewe kulikwisha 2014.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi walivyobomoa. Hawakulipua ukuta siku moja. Walishusha maji hatua kwa hatua, wakasimama majira ya samaki kupita, kwa sababu nyuma ya kuta hizo kulikuwa na mamilioni ya tani za tope. Na kabla ya kugusa chochote walijenga mtambo wa kusafisha maji, ili watu wa mji wa Port Angeles wasije wakafungua mifereji wakapata matope. (Nasi maji yetu ya bomba yanatoka Baricho, kando ya Sabaki. Tafakari.) Tope lilipofika baharini lilijenga ufuo mpya pale palipokuwa mawe matupu. Samoni walirudi, na 2023 Waklallam wakavua tena kidogo. Mto Klamath ukafuata mkondo huo: mabwawa manne yameondolewa, kazi ikakamilika 2024.

Sisemi tukaivunje Masinga, bwawa la Mto Tana. Umeme wake tunautumia, nami naandika haya kwa umeme. Lakini nendeni Ozi na Kipini, kule mdomoni mwa mto, mkaone Tana ilivyo tangu Kindaruma ya 1968 na yale mabwawa yaliyofuata. Mkulima wa Kipokomo alipanda mpunga kwa kufuata mafuriko, na mafuriko yalimletea rutuba bure. Sasa mto ukinyong'onyea, chumvi ya bahari inapanda hadi mashambani. Mvua ikizidi huko juu na mabwawa yakafurika, anazolewa na maji ambayo hakuyapangia. Angalau maji yangefunguliwa kwa ratiba inayofanana na masika, wakulima wakiambiwa mapema.

Kwa Thwake bado kuna nafasi ya kuuliza. Ukambani wana kiu, na haki yao ya maji siipingi. Nataka tu wanaolijenga waweke wazi tangu sasa: linatarajiwa kujaa tope baada ya miaka mingapi, nani atalipima kila mwaka, na ni mfuko gani utakaolipa siku ya kulipunguza au kuliondoa. Mfuko huo uchangwe kutokana na mauzo ya maji na umeme kuanzia mwaka wa kwanza, usiachiwe serikali ya wajukuu zetu. Na vikao vya kujadili hayo visiishie Wote na Machakos. Kimoja kifanyike Sabaki, hapo karibu na daraja, wavuvi wa Mamburui wakae mbele.