Utando wa seli na usugu wa saratani: mafuta au pampu?

Doksorubisini ni dawa nyekundu inayong'aa chini ya hadubini ya mwanga maalumu, na kwa hiyo safari yake inaonekana kwa macho. Katika seli ya saratani inayodhuriwa na dawa, wekundu hujikusanya kwenye kiini, ilipo DNA. Katika seli sugu, kiini hubaki na giza. Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi kama kizuizi ni mafuta ya utando wa seli yenyewe, au ni protini zilizopachikwa humo.

Wanaoyashuku mafuta wana hoja nzito. Dawa hii hupenya tabaka mbili za fosfolipidi, yaani mafuta yanayounda utando, bila kubebwa na chochote, na kolesteroli ikizidi, tabaka hizo hukazana. Tena mwaka 1982 watafiti Tritton na Yee walionyesha kwamba doksorubisini iliyonatishwa kwenye punje za agarosi (aina ya jeli), isiweze kuingia ndani, iliua seli hata hivyo. Maana yake utando si mlango tu, unaweza kuwa shabaha.

Upande wa pili unaanzia Kanada mwaka 1976, watafiti Juliano na Ling walipoitambua glaikoprotini-P, protini ya utando ambayo baadaye ilidhihirika kuwa ni pampu inayotumia nishati ya seli kuitoa dawa nje. Kwangu mimi ugomvi huu umekuzwa kupita kiasi, kwa kuwa pampu hiyo hiyo hukaa ndani ya mafuta, na utendaji wake hubadilika kolesteroli inayoizunguka ikipungua.

Ugumu uko kwa mgonjwa. Nchini Uingereza, wagonjwa 846 wa saratani ya mapafu ya seli ndogo waligawanywa, nusu wakapewa pravastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, pamoja na kemotherapi. Matokeo ya mwaka 2017 hayakuonyesha kwamba waliishi zaidi. Mtetezi wa hoja ya mafuta atajibu, na si bila haki, kwamba pravastatini huishia zaidi kwenye ini, hivyo huenda utando wa uvimbe haukuguswa kabisa.

Jaribio la Ufaransa la mwaka 2009 lilitia moyo zaidi: wanawake 25 wenye saratani ya matiti iliyosambaa walipewa gramu 1.8 kwa siku za DHA, mafuta yapatikanayo kwa samaki, na wale ambao miili yao iliyapokea vizuri waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Hata hivyo hapakuwa na kundi la kulinganishia, na mgonjwa ambaye mwili wake unapokea mafuta vizuri huenda ndiye aliyekuwa na nguvu tangu mwanzo.