Uzee wa hamira na umri wetu

Mtu wa hapa Unguja akisikia kuna wataalamu wanaochunguza uzee wa hamira, jibu lake huwa jepesi: umri kashaupanga Mungu, hao wanatafuta nini? Na wanaobeza wana sababu. Resveratroli, kemikali inayopatikana kwenye zabibu, iliripotiwa mwaka 2003 kurefusha maisha ya hamira kwa asilimia 70. Kampuni iliyoitegemea ikanunuliwa mwaka 2008 kwa dola milioni 720, na mpaka leo haijathibitika kumwongezea binadamu umri. Vidonge vinauzwa hivyo hivyo.

Lakini tukiishia hapo tutawaonea watafiti. Hamira hii tunayotilia mkate wa kumimina ni kuvu. Seli mama huchipua mwana, na kila mwana akiachana naye hubaki kovu kwenye ukuta wa mama. Akishazaa mara 25 hivi huchoka, akafa, ilhali mwana kwa kawaida huanza umri wake upya. Mtafiti hukaa kwenye hadubini akiwatenga wana mmoja mmoja kwa sindano nyembamba, huku akihesabu. Uzee mzima anaushuhudia kwa siku chache.

Chukua dawa ya rapamisini. Ilitoka kwa bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, nayo huzuia kuvu kukua. Mwaka 1991 ni hamira iliyofichua inakopigia: protini ya TOR, inayoipa seli habari kwamba chakula kipo. Sisi pia tunayo. Ikipunguzwa nguvu, seli huacha kukimbilia kukua, ikasafisha uchakavu wake. Mwaka 2009 panya walianza kupewa dawa hiyo wakiwa na siku 600, makamo ya mtu wa miaka 60 hivi. Umri ambao asilimia 90 yao walikuwa wameshakufa ukasogea mbele kwa asilimia 14 kwa majike, 9 kwa madume. Walianzishiwa dawa uzeeni, na bado ikafaa! Kwangu hilo lina uzito kuliko asilimia zenyewe.

Ajali, yaani siku ya kufa aliyoipanga Mungu, siibishii. Ila hakuna anayemwambia mgonjwa wa presha aache dawa kwa kuwa siku yake imeshaandikwa.

Wasiwasi wangu uko kwengine. Rapamisini hushusha kinga ya mwili, ndiyo maana hupewa waliopandikizwa figo. Panya wale walitunzwa kwenye vizimba vilivyokingwa na maradhi. Mzee wa Makunduchi hana kinga hiyo. Anayeinunua leo mtandaoni ili azidishe miaka anameza jibu la panya.