Kwenye Tangazo Hakuna Anayejikuna

Hivi nyie, tangu mzaliwe, mmewahi kumwona mtu anajikuna kwenye tangazo? Mimi bado. Modo amelala kwenye nyasi, mguu mmoja kaukunja, macho kafumba, nywele zimetandazwa huku na huku, na hakuna hata sisimizi mmoja aliyepata wazo la kumtembelea. Mimi nikilala kwenye nyasi dakika tano naamka na mabaka mgongoni na kitu kinatembea ndani ya sikio. Yule anaamka ananukia.

Na anacheka nini? Hilo ndilo linaloniumiza. Anaichekea saladi. Anaichekea pasi ya umeme. Anaichekea karatasi ya mkopo wa benki, tena kwa meno yote, ya mbele na ya magego. Jamani, karatasi ya mkopo nimeisoma mwenyewe mpaka ukurasa wa mwisho, na sehemu ya kuchekesha sikuiona.

Ninaye jirani ambaye kupiga picha ndiyo kazi yake, na ndiye aliyeniharibia starehe yote ya kutazama mabango. Kumbe lile koti lililomkaa modo likamshika kiuno sawasawa, nyuma limebanwa na vibanio kuanzia mabegani mpaka makalioni. Modo akigeuka tu, biashara imeisha. Kumbe makoti ya baridi hupigwa picha wakati wa joto, na nguo za kuogelea wakati wa baridi, kwa sababu picha lazima ziwe tayari miezi kadhaa kabla ya msimu. Kwa hiyo yule dada wa skafu na glavu anachuruzika jasho mpaka kwenye soksi, mwenzake wa ufukweni meno yanagongana, na wote wawili wanaambiwa, "Onyesha furaha!" Saa za mkononi karibu zote zinasoma saa nne na dakika kumi, ili mishale isilizibe jina la kampuni. Yale maziwa meupe kwenye bakuli la nafaka, mara nyingi ni gundi. Hapo nikamwambia jirani basi, inatosha, niachie hata kitu kimoja cha kuamini.

Hakuniachia. Akaingia kwenye lile linalomkera yeye mwenyewe, yaani mpiga picha wa kwenye tangazo.

Mnamjua huyo. Kijana wa ndevu zilizochongwa, skafu shingoni, koti la mifuko kumi na miwili isiyo na kitu. Yuko juu ya mwamba peke yake, jua linazama, kamera moja mkononi. Hana begi. Hana betri ya akiba. Anabonyeza mara moja, anatazama kioo cha nyuma, anatabasamu, anaondoka zake. Jirani yangu mimi hutoka nyumbani na stendi tatu za taa, mabegi mawili, mwavuli wa taa na furushi la nyaya, mgongo umepinda. Akirudi anakaa mwezi mzima anamfukuzia mteja amlipe. Sijaona tangazo la kamera hata moja ambalo mpiga picha amekaa kwenye kochi anaandika ujumbe wa "Habari za leo bosi, nilikuwa nakumbushia lile suala letu."

Na huyo kijana wa mwambani lazima awe mwanaume, sijui nani aliweka sharti hilo. Mwaka 2017 Nikon walipokuwa wanaitangaza kamera yao ya D850 kwa Asia, Mashariki ya Kati na Afrika, walikusanya wapiga picha 32. Wote wanaume. Thelathini na wawili! Hata ukiokota watu barabarani ukiwa umefumba macho, mwanamke mmoja utampata. Watu walipowajia juu, jibu likawa kwamba wanawake walialikwa ila hawakuweza kufika. Mimi jibu hilo nalifahamu vizuri. Ndilo ninalolitoa nikiulizwa kwa nini sikuonekana kwenye kikao cha ukoo.

Sisi wengine mpiga picha tunayemfahamu ni yule wa pasipoti. Huyo hana skafu na hakusifii. "Mzee, kidevu juu. Masikio yaonekane. Usicheke." Yaani wa saladi anacheka mpaka ukuta unasikia, mimi ninayetaka kusafiri na shida zangu naambiwa nisicheke. Picha inatoka, ukiitazama unajikuta unajiuliza huyu bwana alikamatwa na kosa gani.

Lakini hao wote nawasamehe. Wasiosameheka ni watu wa simu.

Simu niliyonayo, kampuni siitaji, tangazo lake lilionyesha msichana usiku, taa za mji nyuma yake, kila kope inahesabika. Nikanunua. Nikampiga mama watoto picha jioni, tena kwa heshima zote, nimepiga goti. Akaichukua simu, akaikaribisha usoni, akaisogeza mbali.

"Huyu nani?"

"Ni wewe."

"Na huyu wa nyuma yangu?"

"Huyo ni mwanga."

Hakuniuliza tena. Akaenda kulala.

Sasa nimekuja kujua, na wala si siri, magazeti yaliandika. Mwaka 2012 Nokia walitoa video ya kuisifia simu yao ya Lumia 920, kwamba ina kamera isiyotikisika. Kijana na binti wanaendesha baiskeli kandokando ya mto, kijana anamrekodi binti kwa simu, picha imetulia tuli. Baiskeli zikapita karibu na dirisha moja lenye kioo. Wenye macho wakaganda hapo hapo. Kwenye kile kioo kuna gari jeupe linakwenda sambamba na binti, na ndani yake jamaa na kamera kubwa ya kazi, taa na vitu vyake vyote. Nokia wakaomba radhi. Fikiria, kampuni nzima na mabosi wake wote, wameumbuliwa na dirisha!

Wenzao hawakujifunza. Mwaka 2016 Huawei waliweka mtandaoni picha tamu ya msichana kwenye jua la asubuhi, maneno yake yakimfanya msomaji aamini kwamba imetoka kwenye simu yao ya P9. Lakini picha za siku hizi hubeba maelezo ndani yake, na watu wakayafungua. Wakakuta Canon EOS 5D Mark III, kamera ambayo ukiitia mfukoni suruali inashuka. Mwaka 2018 Samsung wa Brazil wakaonyesha selfi zinazodaiwa ni za Galaxy A8. Kumbe ni picha za kununua kutoka Getty Images, duka la picha la mtandaoni.

Ile ya Misri ndiyo naipenda kupita zote. Mwaka huo huo wa 2018, tangazo la Huawei Nova 3, mume anataka selfi, mke hajamaliza kujipodoa, simu inampodoa yenyewe, mambo safi. Halafu mwigizaji aliyecheza mke, Sarah Elshamy, akaweka Instagram picha za siku ya kazi. Pale anaonekana yule mume amenyoosha mkono mbele, vidole vimekunjwa kama kawaida ya selfi, na mkononi hamna kitu. Hewa! Pembeni kuna mpiga picha na kamera kubwa. Picha hiyo ilikuja kufutwa, lakini dunia ilishaiona. Na mimi kinachonisumbua si udanganyifu, huo nimeuzoea. Nawaza tu: simu yenyewe wanayo, ni ya kwao, wameitengeneza kwa maelfu, wameshindwaje hata kumpa mtu aishike?

Turudi kwa wanadamu. Kuna tangazo moja lilijaza humo kila kitu, modo na mpiga picha kwa pamoja, nalo ni la Pepsi la Aprili 2017. Kendall Jenner, modo wa Marekani, yuko kazini anapigwa picha, wigi la rangi ya dhahabu kichwani. Kwingineko binti wa hijabu, mpiga picha, anazitazama picha zake mezani na kukasirika. Nje kuna maandamano. Yanadai nini? Hakuna ajuaye, mabango yao yana mambo ya amani na mazungumzo tu. Jenner anavua wigi, anafuta rangi ya mdomo, anaingia kwenye msafara, anachukua kopo la soda, anampa polisi. Polisi anakunywa. Watu wanashangilia, binti wa hijabu anabonyeza kamera, matatizo ya ulimwengu yamekwisha. Watu waliokuwa wamepigwa virungu kwenye maandamano ya kweli wakauliza kama tatizo lao siku zote lilikuwa ukosefu wa soda. Tangazo lilidumu siku moja, likaondolewa. Pepsi wakaomba radhi, wakamwomba radhi mpaka Jenner mwenyewe. Swali langu: zile wiki zote za kuandika, kupanga, kukodi umati na kukodi barabara, hakuwepo hata mfagizi mmoja wa kukohoa kidogo?

Hapo ndipo nilipogundua kitu. Kwenye tangazo utamwona kila mtu isipokuwa aliyeliagiza. Modo ana sura, mpiga picha ana jina, kwa hiyo tangazo likiharibika mawe yote yanakwenda kwao. Mwaka 2018 Dolce & Gabbana, kampuni ya mavazi ya Italia, walitoa video za binti wa Kichina anahangaika kula piza kwa vijiti, sauti ya mwanaume ikimfundisha. China ikawaka, onyesho lao la mavazi la Shanghai likafutwa tarehe 21 Novemba. Yule modo, Zuo Ye, baadaye akasema nusura kazi yake iishe. Kosa lake? Aliambiwa shika vijiti, akashika.

Novemba 2022 ikawa zamu ya mpiga picha. Balenciaga, nao ni watu wa mavazi, walitoa picha za watoto na vidubu vya kuchezea vilivyovishwa mikanda ya ngozi, siielezi zaidi, mnanielewa. Watu wakakasirika, na walikuwa na haki. Matusi yakamshukia Gabriele Galimberti aliyezipiga. Akajieleza kwamba kazi yake ilikuwa kuweka taa na kubonyeza, bidhaa wala watoto hakuchagua yeye. Kampuni ikaomba radhi. Sasa mimi nauliza tu kama raia: zile picha zilipita kwenye meza ngapi kabla ya kutufikia? Wale wenye meza wako wapi? Wanakunywa kahawa.

Kuna watu wanasema umma unakasirika ovyo. Mimi sikubali. London mwaka 2015 walibandika kwenye vituo vya treni dada mwembamba wa bikini ya njano na swali la kama mwili wako uko tayari kwa ufukwe. Mtu anatoka kazini, amesimama kwenye treni, amebanwa kwapani mwa mtu mwingine, halafu ukuta unamhoji kuhusu mwili! Wasimamizi wa matangazo wakapokea malalamiko 378, watu zaidi ya 70,000 wakatia saini ombi la kuyaondoa mabango. Wengine wakayaandikia mabango majibu kwa kalamu. Ndiyo, swali limeulizwa, lijibiwe.

Tena wenyewe hao modo hatuwaoni walivyo. Mwaka 2009 Ralph Lauren walimrekebisha Filippa Hamilton kwenye kompyuta mpaka kichwa kikawa kipana kuliko nyonga, ikabidi waombe radhi. Uingereza mwaka 2011 ilipiga marufuku tangazo la vipodozi vya Lancôme la Julia Roberts, yule mwigizaji wa filamu, baada ya kampuni kushindwa kuonyesha ngozi ile imetokana kiasi gani na kipodozi na kiasi gani na kompyuta. Julia Roberts! Kama yeye hatoshi, mimi na uso wangu wa pasipoti tuhamie pangoni?

Wafaransa wakatunga sheria. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2017, picha ya biashara ambayo mwili wa modo umepunguzwa au umeongezwa kwa kompyuta iandikwe kwamba imerekebishwa, la sivyo faini ni euro 37,500. Nikafurahi. Jirani akanizima. Sheria inahusu umbo la mwili tu. Chunusi futa, nywele badili, hakuna wa kukuuliza.

Na sasa wameona hata modo ni usumbufu. Toleo la Agosti 2025 la Vogue ya Marekani, jarida la mitindo, lilikuwa na tangazo la nguo za Guess lenye dada mrembo ambaye hajawahi kuzaliwa. Ametengenezwa na akili mnemba, na maandishi ya kusema hivyo ni madogo, yanataka miwani ya babu. Watu wakaja juu. Sasa mimi nikabaki nashangaa, safari hii tumtupie nani mawe? Nilimkuta jamaa mmoja anamshauri yule dada ale vizuri, amekonda mno. Anamshauri ale! Wapi?

Nikampelekea jirani habari hiyo kama pole. Akaniambia hana haja ya kusoma, imeshamfikia. Mteja wake wa zamani kampigia, anataka picha za bidhaa bila modo, bila ukumbi, bila taa, kila kitu kifanywe kwenye kompyuta. Mwishoni kamuuliza kwa upole, "Na wewe mwenyewe, kaka, unaweza usije?"

Jirani kamjibu anaweza, hakuna tatizo, ila kutokuja kwake analipwa nusu kabla.