Beseni la Dada

Mpwa wangu alipewa kazi ya shule: abuni jaribio rahisi la kuonyesha kwamba kitu kikipandishwa juu zaidi, kinakuwa na nishati tuli nyingi zaidi. Akaniletea mimi, maana mama yake humwambia kila mara kwamba mjomba wake ni profesa. Dada yangu husema hivyo kunikejeli. Mtoto hajui.

Nikamtuliza. Hesabu yenyewe fupi: tungamo mara graviti mara kimo. Kufuli la nusu kilo likiwa mita moja juu lina jouli 5 hivi za nishati. Lipandishe hadi mita mbili, zinakuwa 10. Tutalidondosha kwenye udongo wa mfinyanzi, kisha tupime kina cha shimo. Mholanzi Willem 's Gravesande alifanya hivyohivyo kwa tufe za metali miaka ya 1720, akaona kasi ikiongezeka maradufu, shimo linaingia ndani mara nne. Nadhani yeye hakutumia beseni la dada yake.

Nikatoa masharti kwa sauti ya kiprofesa. Kibadilike kimo tu. Kufuli liwe lilelile, udongo uleule. Na kubwa kuliko yote: unaachia, hurushi! Ukirusha umeongeza nishati ya mkono wako, na hiyo kwenye hesabu haimo.

Nusu mita: kishimo kizuri. Mita moja: shimo la kueleweka. Mpwa anaandika, ulimi nje. Nikapanda juu ya meza kwa ajili ya mita mbili.

"Mjomba, hatujausawazisha udongo. Pale katikati umebaki mwembamba."

"Wewe andika."

Nikaachia. Kitu kikianguka kutoka kimo kile hufika chini na kasi ya mita 6 kwa sekunde na ushee, kwa hiyo sikuona chochote, nilisikia tu. Kufuli lilipita kwenye udongo, likapita kwenye plastiki, likagonga sakafu. Tope (tulikuwa tumelowesha udongo bila huruma) likaanza kutambaa kuelekea mlangoni, na mlangoni alikuwa amesimama dada.

"Nini kimetoboa beseni langu?"

"Jouli 10, mama," mpwa akajibu kwa adabu.

"Na huyu, nini kimempandisha juu ya meza yangu na viatu?"

Hapo hata profesa hunyamaza. Dada akavua kandambili, akainyanyua. Mpwa akapima kwa jicho: "Mjomba, mita moja na nusu!"

Nikapiga hesabu harakaharaka. Kandambili ni nyepesi, kimo chenyewe cha kawaida: jouli 2 hivi. Haiui. Nikabaki palepale mezani, nimetulia kabisa, mikono kiunoni.

Ikaja na kasi ambayo hesabu yangu haikuitaja, ikanipata sikioni.

"Karusha!" mpwa akapiga kelele huku akikata mstari kwenye daftari. "Hiyo haihesabiki! Mama, rudia, uachie tu!"