Bububu: jina, mawe na stesheni isiyokuwepo tena

Wengi wetu Unguja tumekua tukiambiwa kwamba Bububu, kijiji cha kaskazini ya mji, ilipata jina lake kutokana na mlio wa gari la moshi. Hadithi tamu, lakini haisimami. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliishi Bububu kabla hajaondoka Unguja mwaka 1866, na kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886 zinaitaja Bububu kwa jina hilohilo. Reli ya kutoka mjini hadi Bububu ilijengwa 1904 na 1905. Wanaosema jina limetokana na kububujika kwa chemchemi wana hoja nzito zaidi, maana ndiko Sultani Barghash alikovuta maji kuyaleta mjini.

Basi stesheni ya reli hiyo pale Bububu haikukipa kijiji jina. Je, ina haki gani ya kukumbukwa?

Wapo wanaosema haina, na hoja yao si ya kupuuzwa. Reli ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney, si na Wazanzibari. Serikali ya ukoloni ikainunua mwaka 1911. Kinachoniuma zaidi ni Beit el Ras: kasri ambalo Seyyid Said alianza kulijenga mwaka 1847 na kufariki 1856 halijamalizika, mawe yake yalichukuliwa kujengea reli hii. Mtu akiniambia kwamba tulipoteza kasri kwa ajili ya njia ya maili saba tu, sina jibu la kumridhisha.

Hata hivyo, nailinganisha na reli iliyoitangulia. Barghash alikuwa na yake ya kwenda Chukwani, ikivutwa kwanza na nyumbu, kisha na injini iliyotoka Uingereza. Ile ilikuwa ya Sultani na jamaa zake, na alipofariki 1888 nayo ikafa. Ya Bububu ilikuwa ya kulipa nauli. Ilianzia karibu na Ngome Kongwe, ikapenya vichochoro vya Malindi ikipita karibu mno na nyumba za watu, kisha ikashika njia ya kaskazini. Wageni wa meli walipanda kutalii, ndiyo, lakini abiria wengi walikuwa wenyeji. Kwangu hapo ndipo uzito ulipo: mara ya kwanza mtu wa kawaida wa Unguja alikaa kwenye behewa kwa nauli yake mwenyewe, bila kualikwa na mfalme.

Barabara na motokaa ndizo zilizoimaliza. Abiria walikoma 1922. Kwa miaka michache ikabeba mawe ya ujenzi wa bandari, hadi 1928. Leo njia ya Bububu ni ya daladala 502, na abiria wake wengi hawajui kwamba wanafuata safari ya zamani kuliko lami.

Mimi nasema Bububu iwekewe kibao, kieleze stesheni, nauli na miaka yake. Lakini kibao cha pili kiwekwe Beit el Ras, kwenye kile kibaraza kilichobakia, kiseme mawe mengine yalikokwenda. Na kile cha Bububu kisithubutu kuandika kwamba jina lililetwa na treni; chemchemi zilikuwepo kabla.