Msaliti Aliyeokotwa Ukurasa wa Mwisho

Kwenye katuni za mashujaa hakuna kinachokera kama msaliti anayechipuka kama uyoga. Matoleo 12 mtu anavuja damu kwa ajili ya wenzake. La 13 anavua barakoa, anacheka, eti alikuwa wa adui tangu mwanzo. Mwanzo upi? Ukirudi nyuma kusoma huoni hata ufa. Kosa kubwa huwa kwenye kile kiputo cha mawazo: ukishamwonyesha akiwa peke yake, akiwaza namna ya kuwaokoa wenzake, huwezi tena kudai alikuwa anaigiza. Akimwigizia nani?

Tazama Terra wa Teen Titans, katuni ya timu ya mashujaa vijana. Alitokea mwaka 1982, akafichuliwa kwa wenzake 1984, na waliomuumba, Marv Wolfman na George Pérez, walimpanga awe msaliti tangu siku ya kwanza. Hata namna siri zilivyovuja ina jibu la kushikika: alivaa lenzi za macho zenye kamera, picha zikimfikia Deathstroke, adui wa timu.

Waandishi wengi huruka hatua hiyo. Adui anajua mlango wa nyuma, nywila na zamu za ulinzi, na hakuna anayeuliza nani alikuwa na ufunguo. Halafu timu ina msoma-mawazo! Amekaa meza moja na msaliti miaka yote, hajanusa kitu. Sababu ipo? Basi iandikwe kabla ya kufichuliwa, si baada ya wasomaji kulalamika.

Na toleo linalofuata utaambiwa yule alikuwa pacha wake.